Gidioni Alipewa Mtoto Wangu

Kuna msomaji wa Muleba aliyeniandikia kupitia gazeti hili. Anasema mwanaume mzima hamwagi machozi gazetini. Namjibu hivi: bwana, wewe hujanyang'anywa.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, nasema kwa kifupi. Mimi ni Desderius, mkulima wa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Shule niliishia darasa la tatu. Mwisho wa mwaka 1993, Burundi ilipowaka moto na watu wakamiminika kwetu, ofisi ya watoto ilitupa mimi na mke wangu Felisita mtoto wa kulea. Aline. Miaka minne hivi, ameokotwa njiani peke yake. Sisi wenyewe Mungu alikuwa ametunyima. Tukamlea miaka miwili na ushee, hadi Machi 1996, Felisita alipougua siku tano akafa.

Niliishia siku ya kunyoa.

Kwetu akifa mama wa nyumba, wenye msiba wananyolewa. Mume na watoto wake. Mgeni hanyolewi, hata awe amelia kuliko wote. Wazee wakaanza kunong'ona juu ya Aline: na huyu je? Huyu si mtoto wa karatasi?

Aline hakungoja wamalize. Alikwenda akakaa mbele ya mwenye wembe, akainamisha kichwa.

"Na mimi mama yangu kafa," alisema.

Akanyolewa. Tangu saa ile hakuna mtu Ntobeye aliyemwita tena mkimbizi. Alikuwa binti wa Felisita, na kipara chake kilikuwa cheti chake.

Siku ya tisa likaja gari la ofisi ya watoto.

Aliyeshuka ni Mama Speciosa, afisa wao, faili kwapani. Nilimsalimia, akaitikia bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha mtoto.

"Huyu amefanyaje?"

"Amefiwa, mama."

"Nauliza nywele. Ni chawa, au mapunye?"

"Ni matanga. Amenyolewa kwa ajili ya mama yake."

"Mama yake ofisi haijui aliko. Aliyekufa hapa ni mlezi."

Akaandika. Siku ile sikujua anaandika nini. Baadaye nilisomewa: mtoto amenyolewa kipara, ana huzuni, usafi wa nyumba si wa kuridhisha. Sasa nyie mliosoma niambieni. Mtoto aliyefiwa siku tisa alitakiwa awe anacheka?

"Na wewe sasa ni mgane," akasema.

Kumbe mwanaume aliyefiwa na mke anaitwa hivyo. Nimelijua neno siku linaninyang'anya mtoto.

"Taratibu haziruhusu mgane kukaa na mtoto wa kike asiye damu yake, kama nyumba haina mwanamke."

"Mama, mimi na huyu tunakula sahani moja tangu hajui kumenya ndizi."

"Taratibu hazili, mzee."

Mzee! Nina miaka arobaini na moja. Siku tisa tu bila mke na tayari nimekuwa mzee.

"Anakwenda wapi?"

Hapo akatabasamu kidogo, kama mtu anayekupa zawadi. "Tumepata familia nzuri sana Bugarama. Bati, sakafu ya saruji, baba ni mwalimu wa dini. Anaitwa Gidioni."

Hapa lazima nisimame niwaeleze.

Kabla sijamwoa Felisita, Gidioni ndiye alikuwa ametangulia kupeleka jembe kwa wakwe zangu. Kwetu mposaji hupeleka jembe. Likipokelewa likakaa, una mke. La Gidioni lilikaa wiki mbili, likarudishwa, kwa sababu Felisita alisema hamtaki. La kwangu lilikaa. Miaka kumi na sita nilikuwa namsalimia Gidioni kanisani kama mtu aliyeshinda kesi.

Yeye akaoa Domisiana, wakapata wana wanne. Wanne! Mimi sifuri, na bado nilimhesabu kuwa chini yangu, kwa ajili ya jembe lile.

Sasa ofisi imezunguka wilaya nzima na gari lao, ikaenda kusimama kwenye mlango wa mtu huyo mmoja.

"Kwa nini yeye?" niliuliza.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni mtu mbaya?"

Ningesema nini? Gidioni halewi, hapigi mke, hana kesi na mtu.

"Si mtu mbaya," nikasema. Na hilo nalo likaandikwa.

Aline alipanda gari akiwa na kigauni chake kwenye mfuko wa rambo. Alidhani ni kwenda zahanati. Akachungulia dirishani akaniuliza, "Baba, nikirudi jioni nichote maji kwanza au niwashe moto?"

Dereva akaweka gia.

Nilivumilia wiki tano. Wiki ya sita, siku ya Jumapili, nilitoka nyumbani jogoo la pili na mkungu mdogo wa ndizi tamu kichwani. Jua lilikuwa utosini nilipofika Bugarama.

Niliwakuta uani. Domisiana amekaa kwenye mkeka, mtoto yuko katikati ya magoti yake, anasukwa. Vinywele vyenyewe vifupi havishikiki, lakini mama yule alikuwa anavilazimisha mstari kwa mstari, na Aline anacheka kwa sababu vinachomoka. Miguuni ana viatu vya plastiki vyekundu.

Ameanza kucheka! Mimi matanga bado sijaanua.

"Baba!" Aline akaniona. Akaruka. Halafu akasimama katikati ya uwanja, akageuka akamtazama Gidioni kwanza. Gidioni akatikisa kichwa kumkubalia. Ndipo akanikimbilia.

Jicho lile alilomtupia Gidioni ndilo lililoniua. Mambo mengine yote ya siku ile ningeyasamehe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kakuambia usuke nywele?"

Domisiana ndiye aliyejibu. "Ofisi walisema zikiota zitunzwe, Baba Aline. Karibu ukae. Maharage yako motoni, na maharage hayana ugomvi na mtu."

"Sijaja kula."

"Basi utayaangalia tunavyoyala sisi," akasema, akacheka peke yake.

Gidioni alinipeleka pembeni, chini ya ukuta wake wa matofali ya kuchoma. Anaongea polepole kama anasoma somo la kwanza.

"Desderius, ndugu yangu. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Tumeiomba ofisi tumwasili mtoto. Yaani mahakama itoe barua, awe wetu kabisa, arithi na wanangu. Miaka yote hii hakuna ndugu aliyemtafuta."

"Mnaniambia ili iweje?"

"Nimewaambia ofisi wakuulize wewe kwanza. Wewe ni baba yake."

"Na wewe je?"

"Na mimi pia. Mtoto akiwa na baba wawili kuna ubaya gani? Uje kila Jumapili. Ukichelewa ulale. Kitanda kipo."

Kitanda kipo. Ana vitanda mpaka vya kunigawia.

Wasomaji, angenitukana ningemshukuru. Angenifukuza ningerudi nyumbani nina haki yangu mkononi. Lakini mtu anakuchukulia mtoto, halafu anakuwa mwema! Nilimtazama nikaona anachotaka ni kile alichonyimwa zamani. Felisita alimkataa akiwa hai. Sasa kafa, anamchukua kwa njia ya binti yake, kwa muhuri wa serikali.

Niliondoka bila kugusa chakula chao. Kwetu hilo ni tusi, na nililikusudia. Aline alinisindikiza hadi kwenye migomba.

"Baba, na wewe uhamie huku," akaniambia. "Kuna nafasi."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa ofisi ya watoto hata hawajafungua.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo padre analijua na Mungu analijua, na leo mnalijua nyinyi.

"Mama Speciosa," nilisema, "nimesikia habari. Kuna mwanamke anamtafuta mtoto aitwaye Aline. Anasema alimpoteza njiani wakati wa kukimbia."

Aliweka kalamu chini. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Yuko wapi?"

"Nyantakara. Kule Biharamulo. Kaniambia mchuuzi wa dagaa, mnadani."

Hakukuwa na mchuuzi wala mwanamke. Nilitaja Nyantakara kwa kuwa ni mbali na sijawahi kufika. Nilidhani uongo ukitupwa mbali haunuki.

"Unajua maana yake, mzee? Mtoto anayetafutwa na mzazi haasiliwi. Mambo yote ya Gidioni yanasimama hadi tupate ukweli."

"Naelewa," nikasema.

Nilielewa vizuri kabisa. Ndicho nilichokifuata.

Na hapa naomba mnihukumu mimi, lakini msiwasahau wao. Siku ya tisa niliwaambia ukweli kuhusu kipara cha mtoto, wakauandika upande. Leo nawaambia uongo, umeandikwa wima, neno kwa neno, bila kufutwa. Watu wana gari, wana redio ya mawasiliano, wana mishahara. Hawakuuliza hata jina la huyo mchuuzi!

Nilirudi Ntobeye napiga mluzi. Nilipokaribia nyumbani nikaona moshi unatoka jikoni kwangu.

Alikuwa Restuta, mdogo wa marehemu Felisita. Amekuja na mkeka, jembe na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Kuna msiba tena?"

"Nimekuja kukaa."

Nikatabasamu bila kujua.

"Ondoa meno hayo," akaniambia. "Sijaja kuolewa. Mwanaume gani anachemsha viazi mpaka vinakuwa uji? Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa dada. Ofisi si walisema nyumba haina mwanamke? Sasa inaye. Paroko ameandika barua kwamba mimi ni mama mdogo na nitaishi hapa. Amezungumza na mkubwa wa ofisi jana baada ya misa. Kakubali. Kesho tunakwenda kumchukua Aline."

Nilishika nguzo ya jiko.

"Mbona huoni furaha?" Restuta akauliza.

"Ni jua," nikasema.

Jumanne tulikwenda wawili. Mama Speciosa alisoma barua ya paroko mara mbili, akaikunja kwa adabu.

"Barua nzuri sana. Mkubwa kweli alikubali. Ingefika kabla ya jana asubuhi, ningekupa mtoto leo hii." Akanigeukia mimi. "Lakini kama ulivyotusaidia mwenyewe, sasa mtoto anatafutwa. Hahamishwi. Abaki pale alipo."

"Anatafutwa na nani?" Restuta aliruka.

"Mama yake mzazi. Shemeji yako ndiye kaleta habari."

Restuta aliniangalia, macho yakamjaa maji. "Kumbe hilo ndilo lililokuwa linakutafuna jana? Ungeweza kunyamaza umpate mtoto wako. Shemeji, una moyo. Dada hakukosea kukuchagua."

Mtu angenipiga shoka wakati ule, ningeona ni rehema.

Ningesema ukweli? Ndiyo, ningeweza. Lakini ningewekwa ndani, na aliyebaki nje angekuwa Gidioni.

Nikajituliza. Nyantakara hakuna mtu, nikajiambia. Watatafuta, watachoka, watafunga faili, nami na Restuta tutarudi na barua yetu. Miezi miwili ilipita kimya. Siku za sikukuu nilikuwa namwona Gidioni kanisani Ngara mjini, uso umemshuka, nami nakunywa ule uso kama pombe ya rubisi.

Julai gari likaja tena. Safari hii Mama Speciosa alishuka anacheka.

"Mzee, hongera! Amepatikana!"

"Nani?"

"Mama yake Aline. Nyantakara, kama ulivyosema. Tulipeleka picha kule, akaitambua. Panda gari, unahitajika."

Ofisini nilimkuta mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Nimpaye. Mtoto mchanga mgongoni, mwingine anang'ang'ania kitenge chake. Mikono imepasuka kwa jembe. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana mtu aliyechoka, asiye na msaidizi.

Mama Speciosa akatandaza karatasi mezani.

"Mwenzetu huyu hana cheti wala ndugu wa kumthibitisha. Picha ameitambua na jina amelitaja, lakini taratibu zinataka shahidi mmoja. Shahidi ni wewe. Je, huyu ndiye mama uliyeambiwa habari zake?"

Kabla sijafungua mdomo, Nimpaye alinitangulia.

"Ndiyo," alisema kwa Kiswahili cha kuvunjika. "Mzee huyu ananijua. Tumeonana kule."

Mimi sijawahi kukanyaga Nyantakara maishani mwangu.

Nikamtazama, naye akanitazama. Mwongo akikutana na mwongo hawahitaji kutambulishana. Nilijua papo hapo kwamba huyu si mama wa mtoto. Na ndani ya chumba kile mtu pekee aliyeweza kumfichua alikuwa mimi, kwa sharti moja tu: nijifichue kwanza.

"Tunakusubiri, mzee," Mama Speciosa akasema.

Nikasema moyoni, nitasema ukweli. Naapa kwa kaburi la Felisita, neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Ndipo nikatazama dirishani.

Gidioni na Domisiana walikuwa uwanjani na mtoto, wanasubiri kuitwa. Gidioni amepiga goti moja kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumapili, anamfunga Aline kamba ya kiatu. Vile vyekundu vilishakuwa vidogo, kamnunulia vingine. Aline ameegemea kichwa cha Gidioni kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake.

Mimi aliwahi kuniegemea hivyo.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye huyu."

Mama Speciosa akasogeza kisanduku cha wino. Nikabonyeza kidole gumba, nikakibandika kwenye karatasi. Jina langu naweza kuliandika, lakini mkono ulikataa.

"Gari la Nyantakara linaondoka kesho asubuhi," akasema. "Mleteni mtoto."

Aliingia katikati ya Gidioni na Domisiana. Domisiana macho yamevimba. Hakuna aliyenisalimia.

Mama Speciosa alichuchumaa. "Aline, mwanangu, tazama vizuri. Unamjua mama huyu?"

Nilikuwa nina uhakika atasema hapana. Nilikuwa nimeshapanga na la kusema: mtoto amesahau, alikuwa mdogo.

Aline alimtazama Nimpaye muda mrefu.

"Namjua," alisema.

Nimpaye alishtuka kuliko mimi. Mtoto mchanga mgongoni akaanza kulia.

"Mnaona!" Mama Speciosa akapiga makofi.

"Si mama," Aline akasema. "Mama alibaki nyumbani, alilala chini. Huyu tulikuwa naye njiani. Aliniambia nikae kwenye jiwe, atarudi." Akamsogelea yule mwanamke hatua moja. "Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwako. Yuko wapi?"

Nimpaye alifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Umempeleka wapi mdogo wangu?"

Halafu Aline akakimbia. Nikafungua mikono. Nilikuwa karibu naye zaidi kuliko mtu yeyote mle ndani, hatua mbili tu.

Akanipita.

Akaenda akazika uso shingoni kwa Gidioni, naye akamnyanyua, akamshika kisogo. Nilimjua Gidioni miaka kumi na sita na zaidi, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile aliipandisha.

"Nani? Ni nani amekaa hapa akashuhudia kwamba huyu ni mama yake?"

Mama Speciosa alikuwa amesimama na ile karatasi mkononi, wino haujakauka. Akanionyesha kwa kidevu.

"Baba yake wa kwanza," alisema.

Aline akainua uso kutoka shingoni kwa Gidioni, akageuka, akanitazama.